Kigunduzi cha gesi yenye sumu: namna ya kukipanga na kukitumia katika maghala ya mahindi Ufipa

Sumbawanga

Msimu wa mavuno unapofika, malori yaliyosheheni mahindi huingia Sumbawanga kutoka Nkasi, Kalambo na vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa. Sehemu ya mzigo huo hupelekwa kwenye maghala na vihenge vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA). Sehemu nyingine hubaki katika maghala ya wafanyabiashara na vyama vya ushirika. Sehemu isiyo ndogo huishia majumbani, katika kata ya Izia kama ilivyo katika kata nyingine za Manispaa, ambako stoo ya mahindi na chumba cha kulala huweza kutenganishwa na ukuta mmoja tu wa matofali. Kote huko adui ni yule yule, yaani fukusi na dumuzi. Dumuzi aligundulika nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkoani Tabora, na wakulima wakampa jina la Scania kwa jinsi anavyosomba shehena. Miongoni mwa silaha zinazotumika sana dhidi ya wadudu hao ni vidonge vya aluminiamu fosfaidi.

Vidonge hivyo, ambavyo wengi huviita kwa jina la kibiashara la Phostoxin hata vinapokuwa vimetengenezwa na kampuni nyingine, havifanyi kazi hadi vikutane na unyevu uliomo hewani. Vikikutana nao hutoa gesi iitwayo fosfini. Kidonge cha kawaida chenye uzito wa gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi hiyo, na kinachobaki ni majivu ya kijivu. Fosfini hupita katikati ya magunia, huingia ndani ya punje mahali ambapo dawa ya vumbi haiwezi kufika, na kumuua mdudu humo humo alimojificha. Tangu bromidi ya methili ianze kuondolewa katika matumizi chini ya Itifaki ya Montreal kwa kuharibu tabaka la ozoni, fosfini imekuwa tegemeo kuu la ufukizaji wa nafaka duniani.

Gesi inayomuua mdudu ndani ya punje humuua pia binadamu anayeivuta, na hesabu yake si ngumu. Chukua chumba chenye urefu, upana na kimo cha mita 3, ambacho ujazo wake ni mita za ujazo 27. Kidonge kimoja kikimaliza kutoa gesi yake humo, na tukichukulia kwamba hakuna iliyovuja wala iliyonyonywa na nafaka na kuta, hewa ya chumba hicho itakuwa na takribani sehemu 30 za fosfini katika kila sehemu milioni moja, kipimo kinachofupishwa kuwa ppm. Kikomo ambacho mamlaka za afya kazini za Marekani zimekitumia kwa miaka mingi, na ambacho vigunduzi vingi hupangwa kukifuata, ni 0.3 ppm kwa wastani wa saa 8 za kazi na 1 ppm kwa wastani wa dakika 15. Kiwango cha 50 ppm huhesabiwa kuwa ni hatari ya papo kwa papo kwa maisha. Kwa hiyo kidonge kimoja katika chumba kidogo kilichofungwa kinaweza kufikisha mara 100 ya kikomo cha siku nzima, na anayetia dawa kwenye magunia yake kwa kawaida hatii kidonge kimoja.

Pua haitoshi kuwa mlinzi. Fosfini halisi haina rangi wala harufu. Ile inayotoka kwenye vidonge hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza kwa sababu ya uchafu mdogo uliochanganyika nayo, na watengenezaji wengi huongeza kiambato kinachotoa amonia ili harufu kali imwonye mtu mapema. Lakini vitu hivyo vyenye harufu huweza kunyonywa na nafaka kabla ya fosfini yenyewe kwisha. Mtu anaweza kuingia ghalani siku ya tano, asisikie harufu yoyote, na gesi ikawa bado ipo. Hapo ndipo panapohitajika kigunduzi cha gesi.

Kigunduzi cha kubebwa mkononi au kubanwa kifuani ni kifaa kidogo, chepesi, chenye kioo kinachoonyesha tarakimu, taa na king'ora. Kwa kukitazama, mtu hudhani kwamba kazi yake ni kuwashwa tu. Ukweli ni kwamba tarakimu inayoonekana kwenye kioo imetokana na maamuzi kadhaa yaliyofanywa na binadamu kabla ya kifaa kufika ghalani: ni hewa gani ilihesabiwa kuwa safi, ni gesi gani ilitumika kukipima, ni kiwango gani kiliwekwa ili king'ora kilie. Uamuzi mmoja ukiwa na kasoro, kifaa kitaendelea kuonyesha tarakimu nzuri kwa utulivu, na mfanyakazi ataingia ndani kwa imani. Asiye na kifaa angalau huogopa.

Moyo wa kifaa ni kihisi. Kwa fosfini, kihisi kinachotumika zaidi ni cha kielektrokemia, yaani kikopo kidogo chenye kimiminika cha asidi na elektrodi ndani yake. Gesi hupenya utando mwembamba, humenyuka kwenye elektrodi na kuzalisha mkondo mdogo sana wa umeme. Gesi ikizidi, mkondo huzidi. Kifaa huusoma mkondo huo na kuugeuza kuwa ppm. Kutokana na maumbile hayo kihisi huzeeka hata kikiwa kabatini, na kwa kawaida hudumu miaka miwili hadi mitatu. Kifaa kilichonunuliwa na kufungiwa stoo kwa miaka minne kikisubiri siku ya dharura kinaweza kuwaka vizuri, kikaonyesha sifuri, na kisigundue chochote.

Kabla ya kununua, msimamizi wa ghala anapaswa kujua kwamba kazi ya kufukiza ina vipimo viwili vyenye ukubwa tofauti kabisa. Chini ya turubai lisilopitisha gesi, ambamo wadudu wanauawa, fosfini hupimwa kwa mamia ya ppm, na kifaa kinachofaa ni kile cha kiwango cha juu chenye uwezo wa kusoma hadi 1,000 au 2,000. Nje ya turubai, mahali wanapopita watu, kinachotafutwa ni sehemu ya kumi ya ppm moja, na kifaa kinachofaa ni cha kiwango cha chini, mathalani kinachosoma hadi 20. Kuchukua kile cha usalama wa watu na kukiingiza chini ya turubai kwa nia ya kuona kama dawa imekolea ni kukiharibu. Kihisi hujaa gesi kupita uwezo wake, na baada ya hapo huweza kuchukua saa nyingi kurudi katika hali yake, au kisirudi kabisa. Ghala linalofanya kazi hii kwa dhati lina vifaa viwili.

Ikumbukwe pia kwamba kihisi cha fosfini hakitambui fosfini peke yake. Hidrojeni salfaidi, gesi ya mashimo ya vyoo na maji taka yenye harufu ya yai viza, hukifanya kisome kana kwamba kimekutana na fosfini. King'ora kikilia karibu na shimo la maji taka, kinaweza kuwa kimetoa taarifa ya kweli kuhusu gesi nyingine. Hilo si ruhusa ya kukipuuza, kwa kuwa hidrojeni salfaidi nayo huua.

Hatua ya kwanza ya kukiandaa kifaa ni kukiwasha nje, mbali na ghala, na kukiacha kimalize kujikagua. Katika dakika hiyo ya kwanza kioo huonyesha hali ya betri, aina ya kihisi, viwango vya king'ora na mara nyingi tarehe ya kupimwa upya. Wengi huiacha dakika hiyo ipite bila kutazama. Mtu anayekisoma kifaa kila asubuhi atagundua mara moja kama mwenzake wa zamu iliyopita amebadilisha kiwango cha king'ora.

Baada ya hapo kifaa huwekwa kwenye sifuri. Kitufe cha sifuri hukiambia kifaa kwamba hewa iliyopo sasa haina gesi yoyote, na kifaa hukubali bila kuuliza. Iwapo mtu atakibonyeza akiwa amesimama mlangoni mwa ghala ambamo kuna 0.4 ppm, basi 0.4 hiyo itageuka kuwa sifuri, na baadaye ndani ya ghala mahali penye 0.7 kifaa kitaonyesha 0.3. Kosa hili ni la kawaida na ni la hatari kuliko yote, kwa sababu hukifanya kifaa kidanganye kwa upande wa kumpa mtu matumaini. Sifuri iwekwe upande unakotoka upepo, mbali na ghala, mbali na lori linalonguruma na mbali na moto wa takataka. Ikiwa hakuna uhakika wa hewa safi, hutumika mtungi mdogo wa hewa iliyothibitishwa.

Sifuri peke yake haithibitishi kwamba kihisi kiko hai, kwa kuwa kihisi kilichokufa nacho husoma sifuri. Ndiyo sababu kila siku ya kazi, kabla ya mtu kuingia, kifaa hupulizwa kwa sekunde chache gesi ya mtungi yenye fosfini ya kiwango kinachojulikana. Tarakimu zikipanda, taa zikawaka, king'ora kikalia na kifaa kikatetemeka, kazi inaweza kuanza. Visipofanya hivyo, kifaa kiwekwe kando. Jaribio hili huchukua chini ya dakika mbili. Maghala mengi hulikwepa kwa hoja ya gharama, kwani mtungi wa gesi ya kupimia ni ghali na muda wake wa matumizi ni mfupi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ununuzi wa kifaa bila mtungi wake ni sawa na kununua mizani bila mawe, na idara za manunuzi zingefanya vema kuviweka viwili hivyo katika zabuni moja.

Kazi kubwa zaidi ni kukilinganisha kifaa na gesi ya kipimo, ambayo mafundi huiita kalibresheni, na hufanyika kwa vipindi vinavyotajwa na mtengenezaji, mara nyingi kila baada ya miezi michache, na vilevile baada ya kihisi kubadilishwa, kifaa kuanguka au jaribio la asubuhi kushindwa. Mtungi hufungwa regeleta inayotoa gesi kwa mtiririko thabiti, kwa kawaida nusu lita kwa dakika, kisha mpira huunganishwa kwenye kofia ya kihisi. Fundi huingia katika menyu kwa nywila, huandika kiwango kilichochapishwa kwenye mtungi, hufungulia gesi na kusubiri hadi tarakimu zitulie ndipo athibitishe.

Mambo matatu huharibu kazi hiyo. La kwanza ni kuandika tarakimu isiyo ya mtungi. Mtungi ukiwa wa 10 ppm na fundi akaacha 5 iliyobaki kwenye menyu tangu mara ya mwisho, kifaa kitajifunza kuiita 10 kuwa 5, na kuanzia hapo kitasoma nusu ya hatari iliyopo. La pili ni mtungi uliopita muda wake. Fosfini ya kiwango kidogo hupungua ndani ya mtungi, na matokeo yake ni kwamba lebo inasema 10 wakati kilichomo ni kidogo. Hapo kifaa kitasoma juu kuliko hali halisi, jambo ambalo si la kuua lakini huwafanya watu wakichoke king'ora. La tatu ni haraka, yaani kuthibitisha kabla tarakimu hazijatulia.

Viwango vya king'ora ndivyo vinavyostahili mjadala mrefu kati ya msimamizi, mfanyakazi na mtaalamu wa usalama kuliko sehemu nyingine yoyote ya programu. Kifaa kutoka kiwandani huja na viwango vyake, na viwango hivyo hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Mpangilio unaoeleweka kwa urahisi ni wa king'ora cha kwanza kulia kwenye 0.3 ppm, kumwambia mfanyakazi atoke na kutafuta chanzo, na cha pili kulia kwenye 1 ppm, kumwambia kila mtu aondoke. Chama cha wataalamu wa usafi wa viwandani cha Marekani, ACGIH, kimeshuka chini zaidi na kupendekeza 0.05 ppm kwa wastani wa siku. Anayetaka kufuata pendekezo hilo lazima kwanza asome maelezo ya kifaa chake, kwa kuwa kifaa kinachohesabu kwa hatua za 0.1 hakiwezi kumlinda mtu kwa kikomo cha 0.05.

Mbali na ving'ora hivyo viwili vya papo kwa papo, kifaa hutunza hesabu mbili kimya kimya, nazo huonekana kwenye kioo kwa herufi TWA na STEL. Ya kwanza ni wastani wa saa 8, ya pili ni wastani wa dakika 15. Umuhimu wake unaonekana kwa mfano. Mpagazi amefanya kazi saa 3 kando ya lundo linalovuja kidogo, hewa ikiwa na 0.9 ppm. King'ora cha pili hakikulia hata mara moja, na cha kwanza kilinyamazishwa kwa kuwa kilikuwa kinaudhi. Saa 5 zilizobaki alikuwa nje akipakia lori. Hesabu ni 0.9 mara 3, sawa na 2.7, ikigawanywa kwa 8 ni 0.34. Amevuka kikomo cha siku na hakuna aliyejua ila kifaa. Vivyo hivyo, mtu aliyekaa dakika 5 tu kwenye 4 ppm na dakika 10 zilizofuata akawa kwenye hewa safi amepata wastani wa 1.3 kwa dakika 15, juu ya kikomo cha 1. Hesabu hizi hupotea iwapo kifaa kitazimwa na kuwashwa katikati ya zamu au kikipokezanwa na watu wanne kwa siku moja.

Katika menyu hiyo hiyo kuna mipangilio midogo ambayo hupuuzwa. Kinachoamua kama king'ora kitanyamaza chenyewe gesi ikipungua, au kitaendelea hadi mtu akibonyeze, kiwekwe katika hali ya kuendelea, ili aliyekuwa mbali arudi na kukuta ushahidi. Kumbukumbu ya vipimo iwekwe kila dakika moja. Saa na tarehe ya kifaa virekebishwe, kwa maana rekodi inayosema gesi ilipanda saa 8 usiku wa mwaka usiofahamika haitamsaidia mkaguzi wala daktari. Nywila ikae kwa watu wawili na isiandikwe kwenye plasta mgongoni mwa kifaa. Kwa kuwa menyu za vifaa vingi ni za Kiingereza, kadi moja ya Kiswahili inayoeleza kila alama ya kioo, ikibandikwa ukutani karibu na chaja, itafanya kazi kubwa kuliko kitabu cha kurasa 60 kilichobaki kwenye sanduku.

Ufipa una jambo lake ambalo ghala la Dar es Salaam halilijui. Sumbawanga iko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Vigunduzi vingi vinavyotumika katika vihenge na mashimo hubeba pia kihisi cha oksijeni, kwa kuwa mtu huweza kufa kwa kukosa oksijeni kabla sumu haijamfikia. Baadhi ya vihisi hivyo hupima msukumo wa oksijeni, si asilimia yake. Kifaa cha namna hiyo kilichopangwa pwani kusoma asilimia 20.9 kikiwashwa Sumbawanga kitasoma karibu 17, na kwa kuwa king'ora cha upungufu huwekwa kwenye 19.5, kitalia mfululizo katika hewa safi ya asubuhi. Suluhisho la mkato, ambalo ni baya kuliko yote, ni kushusha kiwango cha king'ora hadi kinyamaze. Suluhisho sahihi ni kukipanga upya hapa hapa kwenye hewa safi ya Sumbawanga. Vihisi vya aina nyingine, ambavyo gesi huingia kwa tundu jembamba sana, haviathiriki kwa kiasi hicho, lakini navyo huyumba kwa muda msukumo unapobadilika ghafla. Fundi anayeshuka na kifaa kutoka mjini, kupitia safu ya Lyamba lya Mfipa hadi Muze kwenye bonde la Ziwa Rukwa, anatelemka mamia ya mita kwa muda mfupi. Akifika akiache kitulie, kisha aweke sifuri upya.

Baridi ya Juni na Julai nayo ina sehemu yake. Kihisi huwa kizito kidogo kuitikia, lakini athari kubwa iko kwenye vidonge vyenyewe. Katika baridi na hewa kavu ya kipindi hicho, vidonge hutoa gesi polepole. Ghala lililofukizwa kwa idadi ya siku iliyozoeleka mahali penye joto linaweza kufunguliwa Sumbawanga huku vidonge vikiwa bado vinaendelea kutoa gesi, na majivu yanayofagiliwa yakawa hayajaisha nguvu. Siku za kufunga ghala zifuate jedwali la joto lililo kwenye lebo, na majivu yapimwe kabla ya kuguswa.

Siku ya kufungua ghala, vipimo huanzia nje. Mpira mrefu ulioungwa kwenye pampu ya kifaa hupenyezwa kwenye tundu la mlango au dirisha kabla mtu hajaingiza kichwa. Milango na madirisha hufunguliwa kutoka nje na watu waliovaa kinyago chenye kichujio cha fosfini, au mtungi wa hewa pale kiwango kinapokuwa kikubwa au hakijulikani, kisha hewa huachwa ipite. Baada ya hapo watu wawili huingia, kamwe si mmoja. Fosfini ni nzito kidogo kuliko hewa lakini huchanganyika nayo kwa urahisi, kwa hiyo hupimwa kimo cha miguu, cha kifua na cha juu ya lundo, na zaidi katika vichochoro kati ya malundo na pembe zisizopitiwa na upepo. Kila mahali kifaa kiachwe dakika moja au mbili, maana kihisi huhitaji muda, na gesi nayo huhitaji muda kusafiri ndani ya mpira. Anayepita ghalani kwa mwendo wa matembezi akiwa ameinua kifaa mbele yake hasomi hewa ya mahali aliposimama, anasoma ya mahali alikotoka.

Na kipimo kimoja hakitoshi. Gesi iliyoingia ndani ya punje hutoka taratibu baada ya turubai kuondolewa. Ghala lililosoma 0.1 jioni, milango ikafungwa, linaweza kusoma zaidi ya hapo asubuhi wapagazi wanapoingia. Kipimo cha asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza kupita mlangoni, ndicho hasa kinachowahusu vibarua, na ndicho kinachosahaulika kwa sababu mfukizaji alishalipwa na kuondoka.

Kisheria, mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha hayo yote yanafanyika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka kulinda afya ya wafanyakazi wake, na kibarua wa siku moja hana mapafu tofauti na ya mwajiriwa wa kudumu. Kwa upande wa dawa yenyewe, Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020 imeipa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) jukumu la kusajili na kudhibiti viuatilifu. Mwenye ghala anayeajiri mfukizaji ana haki ya kumtaka aonyeshe kibali chake, na pamoja na hicho aonyeshe kigunduzi chake kikifaulu jaribio la gesi mbele ya macho yake.

Kwa kaya ya Izia isiyo na kigunduzi, na ambayo haitarajiwi kuwa nacho, njia iliyopo ni kutotumia vidonge hivi kabisa ndani ya nyumba inayolaliwa. Mahindi yaliyokaushwa vizuri na kufungwa katika mifuko maalumu isiyopitisha hewa hukaa bila kubunguliwa, kwa kuwa wadudu waliomo hukosa oksijeni na kufa, na hakuna sumu inayohusika. Ukuta wa matofali, dari ya mbao na nafasi iliyo chini ya mlango havizuii gesi.

Dalili za kuvuta fosfini ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kubanwa kifua na kukosa pumzi, na huweza kufananishwa na malaria au chakula kibaya. Zikijitokeza kwa watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, na kuna mahindi yaliyotiwa dawa karibu, wote watoke nje mara moja na milango iachwe wazi. Asirudi mtu ndani kutafuta kitu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Fosfini haina dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Tiba hutegemea kumsaidia mgonjwa kupumua na kuulinda moyo wake hadi sumu ipite, hivyo afikishwe haraka kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Sumbawanga, na anayempeleka amweleze mganga mapema kwamba kulikuwa na vidonge vya kuhifadhia mahindi, amtajie jina lililokuwa kwenye kopo, idadi iliyotiwa na saa vilipowekwa.